Hitilafu ya Saa Mbili Usiku

Kwetu Dar, kiyoyozi cha chumba cha mama kilikuwa na ujanja: fundi akija mchana, kinapuliza baridi safi. Saa mbili usiku kompresa ya nje inaunguruma, inakata. Mama anahema.

Fundi alitaka kuongeza gesi. Lakini gesi haiishi kama petroli; ikipungua, imevuja, na hata mchana baridi ingepungua.

"Fundi, njoo usiku bwana."

Akaja, akapima umeme: volti 175 badala ya 230. Mtaa mzima umewasha. Kompresa inakosa nguvu ya kuanza. Tukafunga stabilaiza.

Hitilafu ya kuja na kuondoka, ifuate kwenye saa yake. Mama naye, asubuhi kliniki humwona mzima. Siku hizi presha nampima usiku, naandika daftarini.