Siti binti Saad: Picha Isiyohitaji Kamera

Ukimtaja Siti binti Saad pale kijiweni kwetu Chuno, washikaji watakuuliza, "Yule bibi wa taarab ya zamani?" Ndiyo, huyohuyo. Lakini mimi ninayeota kuandika riwaya namfikiria kwa jambo jingine: sura yake.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Akaitwa Mtumwa. Jina lenyewe linakwambia watu wa kwao walivyotazamwa na mabwana wa zama zile. Mama yake alifinyanga vyungu, binti akavitembeza vijijini akivinadi kwa sauti. Mwaka 1911 akaingia mjini, na huko Ali Muhsini akamfunza kuimba kwa kufuata ala. Siti, yaani bibi wa heshima, ni jina alilolipata ukubwani.

Basi bwana, penye sifa hapakosi kijicho. Mahasimu wakamtungia wimbo wa kumcheka: katoka shamba, muuza vyungu, tena uzuri hana. Mwingine angenuna ndani wiki nzima. Siti alijibu kwa wimbo, kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili.

Halafu mwaka 1928 akapanda meli na wenzake hadi Bombay, akarekodi santuri za HMV. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika kazi hiyo. Sasa nawe msomaji fikiri kidogo: santuri haina uso. Kile walichomchekea kilibaki Unguja. Kilichovuka bahari kikaingia majumbani mwa watu ni sauti.

Naye alijua kuchora sura za wengine. Katika wimbo wake "Kijiti" anasimulia mgeni, mwanamke mja mzito, aliyeuawa Unguja. Muuaji akatorokea bara, na waliotoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Ukiusikiliza unaiona mahakama ya wakoloni kama umekaa benchi la mbele.

Picha za Siti mwenyewe zinazojulikana ni chache. Iliyo kubwa kuliko zote ilichorwa kwa kalamu. Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni, alizungumza naye uzeeni, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki mwaka 1950. Wasifu ukachapishwa mwaka 1958. Niliisoma nakala ya kuazima, imechanika jalada. Nilipoifunga sikubaki na pua wala macho ya mtu. Nilibaki na mwanamke anayepita njiani na vyungu kichwani, na mji mzima haujui bado kwamba utamsikiliza.

Kuna watu huniuliza, "Wewe kidato cha nne, riwaya utaiwezea wapi?" Siwajibu sana. Siti hakukaa darasani, na Shaaban hakuwa na digrii.

Ila linaloniwasha si hilo. Marehemu bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mtunzi wa nyimbo za ngoma hapa Mtwara. Arusi, mavuno, msiba, kote aliitwa. Hakuacha picha hata moja, wala kanda. Mama anasema alikuwa mrefu, mweusi ti. Mama mdogo anabisha: mfupi, maji ya kunde, na alipenda kucheka. Siku moja walibishana mpaka chai ikapoa. Lakini ulipotajwa wimbo wake mmoja, wa mume aliyekwenda kukata mkonge asirudi, wote wawili waliuanza kwa pamoja, sauti zikashikana, na hakuna aliyekosea neno.

Hapo ndipo nilipoelewa namna ya kumwandika. Urefu wake wabaki nao wenyewe. Mimi nimenunua daftari la kurasa mia mbili, na kila jioni namwomba mama aimbe polepole. Nyimbo tisa nimeshazipata. Mama mdogo anasema zilikuwa zaidi ya thelathini, na kuna bibi mmoja ng'ambo ya Mto Ruvuma aliyekuwa mwitikiaji wake, bado yu hai, ila macho hayaoni tena.

Kiangazi kikifika nitavuka. Kwa kuwa haoni, hatanieleza bibi alikuwa na sura gani. Ataimba, nami nitaandika.