Likizo Yetu Katika Mji wa Salvador

Ukisikia jina la Brazil huenda hufikiri ila mpira. Nami nilikuwa vivyo hivyo, hata mwezi wa Juni 2023, tulipokwenda mimi, mke wangu na watoto wetu wawili kumtazama shemeji yangu, padre afanyaye kazi katika mji wa Salvador. Nauli tuliidunduliza miaka minne.

Wareno waliuanzisha mji huu mwaka 1549, ukawa mji mkuu wa Brazil mpaka mwaka 1763. Sehemu yake moja iko chini pwani, ya pili iko juu ya genge, nazo zimeunganishwa kwa lifti iliyofunguliwa mwaka 1873, ipandayo kadiri ya mita 72. Kijana wetu alitaka kuipanda na kushuka kutwa nzima.

Na shangwe zake! Tulikuta siku kuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, 24 Juni. Vibendera vya karatasi vilitanda juu ya njia, kodiani na ngoma zikalia hata usiku wa manane, wazee kwa vijana wakacheza wawili wawili. Chakula cha siku kuu hiyo ni mahindi: ya kuchoma, ya kuchemsha, na mabichi yaliyosagwa na kufungwa katika maganda yake. Karanga nazo huchemshwa na maganda, kama kwetu. Penye pembe ya njia mama mmoja, mwenye gauni jeupe na kilemba, alikuwa akikaanga bagia za kunde katika mafuta mekundu. Mke wangu, mzaliwa wa Kigoma, akanusa, akasema, "Baba Anna, haya si mawese?" Ndiyo hasa. Mapishi hayo yaliletwa na watu waliotekwa Afrika ya Magharibi. (Bagia ya pili ilinishinda kwa pilipili.)

Jumanne jioni shemeji alitupeleka Pelourinho, mtaa wa kale. Jina hilo maana yake ni nguzo ya kuchapia: hapo watumwa walipigwa mijeledi mbele ya watu. Nguzo haipo tena. Katika mteremko uo huo liko kanisa la rangi ya samawati, la Bikira Maria wa Rozari wa Watu Weusi. Chama cha Rozari cha Waafrika, kilichoundwa mwaka 1685, kilianza kulijenga mwaka 1704. Wengi wao walikuwa watumwa, wakajenga saa zile walizoachiwa na mabwana, hasa usiku, kazi ikachukua karibu miaka mia. Nyuma yake yako makaburi yao.

Binti yetu Anna alisimama pale makaburini kitambo.

"Baba, na hao waliowachapa walikuwa wamebatizwa?"

"Walikuwa wamebatizwa."

"Wakisali wapi?"

"Katika makanisa yao, yenye dhahabu."

Mjomba wake akamweleza kwamba utumwa ulikomeshwa kwa sheria tarehe 13 Mei 1888. Anna akauliza, "Na hawa waliokufa kabla?" Padre alinitazama, nami nikamtazama yeye.

Kengele ikalia, tukaingia. Misa ya Jumanne huimbwa kwa ngoma, na wakati wa matoleo vikapu vya mikate vililetwa altareni kwa kuchezwa. Baada ya Misa bibi mmoja mweusi, mdogo wa umbo, alimpa Anna mkate, akamshika shavu, akasema neno ambalo hatukulielewa. Anna aliushika mkate ule njia nzima. Aliula tulipofika nyumbani, akatugawia sote.