Usiku wa Roketi Ngomeni

Ngomeni ya wakati ule, mjukuu wangu, ilinuka ng'onda na matope ya mikoko, na fungu la vibua ulilipata kwa shilingi moja ukimkuta mvuvi ana haraka. Nje huko, katika maji ya Ghuba ya Ungwana, yalisimama majukwaa ya chuma ya Waitaliano, San Marco, kazi ya Profesa Luigi Broglio. Vijana wetu walioajiriwa vibarua walirudi jioni mikono inanuka grisi, midomo imekauka kwa chumvi, wakisemezana Kiitaliano cha kuokoteza. Usiku wa kuamkia Novemba 16, 1972, mwanga ulipasuka baharini hata nikazitambua nyuso za walio kando yangu, na ngurumo ikafuata baadaye. Roketi ya Scout ilikuwa imebeba SAS-2, setilaiti ya Wamarekani. Ile setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa palepale Siku ya Jamhuri mwaka 1970, wengi wanaikumbuka kwa jina lake. Hii imesahauliwa, na si haki, maana ilisaidia kutegua fumbo la miali ya kosmiki.

Tangu Victor Hess apande na puto mwaka 1912, ilijulikana kuwa miali ya kosmiki hutunyeshea kutoka angani. Mingi ni protoni, nazo zina chaji, basi sumaku ya galaksi huzipinda na kuzikoroga, zikufikie kama harufu ya ng'onda iliyozungushwa na upepo vichochoroni, usijue ni ya nyumba gani. Lakini zikigonga gesi iliyo baina ya nyota huzaa miali ya gama, nayo haina chaji, huja moja kwa moja. SAS-2 iliitazama gama hiyo ikauona mkanda wa Njia Nyeupe unang'aa, hasa kuelekea kitovu cha galaksi. Umeme wake ulikufa Juni 1973, lakini ramani ilikwisha patikana.

Na nguvu za protoni hizo zatoka wapi? Walter Baade na Fritz Zwicky walishadokeza mwaka 1934 kuwa zatoka kwenye nyota zinazolipuka. Wimbi la mlipuko huzirusha protoni huku na huku, na kila zikilivuka huongezewa nguvu kidogo. Uthibitisho niliusubiri hadi uzeeni: mwaka 2013 darubini ya Fermi ilipima mabaki ya milipuko miwili, IC 443 na W44, ikakuta katika gama yake alama inayoachwa na protoni.