Kiti Kinachogombewa, Kiti Kinachokimbiwa

Wageni wengi hulala Iringa usiku mmoja tu, kesho yake alfajiri wakaondoka kwenda kuwatafuta simba wa Hifadhi ya Ruaha. Wanapoteza. Barabara hiyohiyo ya hifadhini, kilomita kama 15 kutoka mjini, inapita Kalenga, kijiji kilicho kando ya Ruaha Mdogo. Humo mna jumba dogo la makumbusho, na ndani yake, kwenye kabati la kioo, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Hadithi ya Mkwawa tuliyofundishwa shuleni huanzia Lugalo, Agosti 1891, alipolifyeka jeshi la Kijerumani la Zelewski, na kuishia Mlambalasi, Julai 1898, alipojipiga risasi ili asishikwe hai. Ni hadithi kubwa, lakini mimi huvutiwa zaidi na yaliyopikwa ikuluni, ambayo vitabu vya shule hupita juu juu.

Baba yake, Munyigumba, alifariki karibu mwaka 1879 baada ya kuziunganisha koo nyingi za Uhehe chini yake. Matanga hayajaanuliwa, mkwewe Mwambambe akakitaka kiti. Mkwawa, kijana bado, akakimbilia Ugogo kwa usalama wake. Aliporudi alirudi na vita, na palipopiganwa pakaitwa Lundamatwe, yaani palipolundikwa vichwa. Jina hilo linatosha kueleza ushindi ulivyopatikana.

Wajerumani nao waliujua mchezo huo. Jeshi lao, Tom von Prince akiwa mmoja wa maofisa wake, lilipoibomoa ngome ya Kalenga, Oktoba 1894, Mkwawa alipotelea porini, na hata zawadi ya rupia 5,000 haikumtoa. Basi mwishoni mwa 1896 Prince akamsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe. Mapema mwaka uliofuata akamnyonga, kwa tuhuma kwamba alikuwa akimsaidia kaka yake kwa siri. Je, Mpangile alikuwa msaliti aliyeuza ukoo au jasusi wa porini aliyevikwa joho la Mjerumani? Mimi naona alikuwa akinunua muda kwa pande zote mbili, na muda ukamwishia.

Fuvu lenyewe lina siasa zake. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe, lakini ilibidi kungoja hadi Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda Bremen na kulichagua miongoni mwa mafuvu mengi ya makumbusho ya huko, akilinganisha vipimo vya kichwa na vya jamaa za Mkwawa walio hai. Kama alichagua sawasawa, watu wanabishana hadi leo. Lisilobishaniwa ni tarehe: Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, Juni 1954, wakati Kenya inawaka kwa Mau Mau, na wiki chache kabla TANU haijazaliwa Dar es Salaam. Gavana hakuwa mtu wa kutoa zawadi bila hesabu. Hata hivyo, Adam Sapi huyohuyo alikuja kuwa Spika wa Bunge la nchi huru kuanzia 1962, na machifu walipofutwa kisheria yeye alibaki na kiti kingine, tena kirefu zaidi.

Kutoka Iringa kwenda Mbeya, kaa dirisha la kushoto. Misonobari ya Mafinga inakufuata kwa muda mrefu, halafu Makambako na upepo wake, halafu barabara inateremka Igawa na joto linakupokea. Kulia kwako inaanza Usangu, nchi ya akina Merere, mahasimu wa Wahehe waliosukumwa hadi Usafwa, wakaja kurudi kwao kwa msaada wa bunduki za Kijerumani. Leo habari ya Usangu ni mpunga. Kushoto ukuta wa milima unakaribia, na ukifika Uyole, usiende mjini kwanza. Pinda kusini.

Hapo ndipo Nyanda za Juu zinapojivuna. Viazi na pareto vya Uporoto, ukungu, kisha mteremko wa Kiwira, migomba, chai, na mvua isiyoomba ruhusa. Mlima Rungwe umejifunika. Huku Tukuyu, watu waliukimbia utawala badala ya kuupigania.

Wanyakyusa husimulia kwamba watawala wao walishuka kutoka milima ya Ukinga wakileta ng'ombe na moto, wakawakuta wenyeji wakila vibichi. (Wahehe nao wana mgeni wao, mwindaji Mufwimi, aliyewaonjesha watu nyama yenye chumvi, akamwachia binti wa mtawala mimba, kisha akauawa na nyati; mtoto huyo ndiye chimbuko la ukoo wa Mkwawa. Ukitaka nchi isiyo yako, nenda na kitu cha jikoni.) Mkubwa wa wote alikuwa mwenye cheo cha Lwembe, na msitu wake mtakatifu uko Lubaga, karibu na Tukuyu. Afya yake ilikuwa afya ya nchi, kwa hiyo hakuruhusiwa kufa kwa maradhi. Akiugua sana, wazee walimziba pumzi, na kabla roho haijatoka walichukua nywele na kucha zake, wakazifukia kwenye tope ili mvua isikatike.

Nani angegombea cheo hicho? Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1930, aliambiwa kwamba wana wa ukoo huo walikiogopa, na wazee walilazimika kumvizia mteule wao na kumkamata kabla hajatoroka. Walimchagua wao, walimlinda wao, na siku ikifika walimmaliza wao. Mwandishi wa siasa angekuwepo enzi hizo, asingehangaika kumhoji Lwembe. Angeanza na wale wazee.