Albamu Iliyonigombanisha na Mume Wangu

Hivi umeshawahi kununiana na mwenzio kwa sababu ya muziki? Mimi yamenikuta. Tena si saa moja wala mbili, siku tatu nzima!

Ilianza mwaka 2020, ilipotoka albamu ya Siti Muharam iitwayo Siti of Unguja. Kama humjui, huyu ni kitukuu cha Siti binti Saad, yule mama wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na ambaye Shaaban Robert aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Mume wangu ni mtu wa Dar, mpenzi wa roki na magitaa ya kelele. Taarabu kwake ilikuwa muziki wa harusi za watu wengine. Lakini hii aliipenda ile mbaya. Jikoni hiyo, garini hiyo, usiku hiyo.

Mimi, mtoto wa Wete, niliichukia. Nimelelewa na shangazi yangu aliyekuwa akiimba nyimbo za Siti huku akianika karafuu kwenye jamvi. Udi, kanuni, fidla na dumbaki ndivyo ninavyovijua. Humu mna besi nzito, mna klarineti inayonguruma chini chini, mna mwangwi wa studio. Jina lenyewe la Kiingereza, na kampuni iliyoitoa iko London.

"Wamemfanya bibi wa watu kuwa mapambo ya hoteli," nikamwambia.

"Wewe unataka abaki makumbusho?" naye akanijibu.

Basi, tukanuniana.

Ugomvi wetu ulikuwa mkali zaidi kwenye wimbo mmoja, Kijiti. Marehemu Bi Kidude naye aliuimba, kwa hiyo wengi tunaujua. Ni kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitolewa matembezi na mwanaume aitwaye Kijiti, akauawa. Wanawake waliokuwa nao walikwenda mahakamani kutoa ushahidi. Mwisho wake waliofungwa ni wao, kwa sababu ya pombe waliyochukua siku ile, na Kijiti akakimbilia bara. Siti aliutungia wimbo mji mzima usisahau. Sasa kisa kizito namna hiyo unakiwekeaje besi ya kuyumbisha mabega?

Msimu wa karafuu tukapanda boti hadi Mkoani, tukachukua gari kwenda Wete. Nilikuwa na hila yangu moyoni. Nilijua shangazi atakuwa upande wangu. Jioni tumekaa barazani, tunachambua karafuu, mume wangu akatoa kispika chake kidogo. Nikanyamaza nikisubiri ushindi.

Hapa msomaji inabidi nikuibie siri. Shangazi ana binti, ambaye kwangu ni dada. Miaka miwili kabla ya siku hiyo, kwenye harusi moja hapo hapo Wete, aliniomba nimsaidie kufunga ushungi. Nikaona shingo yake. Alama za vidole, nyeusi kabisa. Nilipomwambia shangazi, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, ndoa hustiriwa." Wajomba nao wakaniita mchochezi, msichana wa mjini niliyekuja kuvunja nyumba ya mtu. Nikarudi Unguja, nikafunga mdomo. Mimi, mhariri wa kurasa za mahusiano, ninayewashauri wasomaji kila mwezi wasikae kimya!

Kijiti ikaanza. Kwa mara ya kwanza nikaisikiliza bila kutafuta kosa. Unajua kwenye harusi nyimbo hizi tunazicheza, tunatuza, tunapiga vigelegele, na maneno yanapita juu kwa juu. Humu huwezi. Ala zinakwenda taratibu, zinaacha nafasi, na sauti ya Siti Muharam haina madoido. Anasema yaliyotokea, basi. Ile besi niliyoitukana ilikuwa kama mtu anayetembea nyuma yako usiku.

Shangazi aliacha kuchambua. Wimbo ulipokwisha akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Hivi wale mashahidi, walipotoka jela, nani aliwapokea?"

Hakuna aliyemjibu. Akafuta mikono kwenye kanga yake. "Mpigie simu dada yako. Mwambie mama anakwita, aje na watoto."

Alikuja siku ya pili asubuhi, na mabegi mawili. Wajomba walikuja juu, maneno yakasemwa. Safari hii shangazi mwenyewe ndiye aliyesimama mlangoni. Suala likafika kwa kadhi, na halikuwa jepesi, wala sitaki kukudanganya kwamba albamu ndiyo iliyomwokoa. Mama yake ndiye aliyemwokoa, na alichelewa miaka miwili. Na mimi pia nilichelewa.

Haya, maoni yangu kama shabiki? Bado nina lawama. Kuna sehemu mwangwi unameza maneno, na taarabu bila maneno ni chai bila majani. Udi na fidla ya Mohamed Issa Matona ningependa visogezwe mbele zaidi. Lakini nilikosea kusema wamemfanya bibi mapambo. Mapambo tulimfanya sisi, tuliozicheza nyimbo zake miaka yote bila kuzisikiliza.

Mume wangu nilimwomba radhi kwenye boti wakati wa kurudi. Hakunicheka, ingawa najua alitamani. Siku hizi tuna utaratibu wetu: mmoja akileta muziki mpya, mwenzake anausikiliza mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

Wewe je? Kuna wimbo unaouimba kila siku, na hujawahi kujiuliza unamsema nani? Mtafute usikilize tena. Na kama kuna shingo uliyoiona ukanyamaza, simu unayo mkononi.