Fundi Asiye na Jeshi

Chumvi imeniharibia vyombo vingi kuliko risasi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mgeni akisikia kwamba nilifanya kazi ya mitambo ya simu Kismayo, swali lake la kwanza huwa mabomu. Mabomu yapo, nitayafikia. Lakini nipandishe mnara wowote ulio karibu na bahari mwishoni mwa kusi, nikuonyeshe kilichonizeesha: nati zimeota unga mweupe, kebo zimepasuka ganda, na pale waya wa shaba ulipobanwa kwenye kipande cha alumini, alumini imelika hadi inamegeka kwa kidole. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi huwa betri, na moja huliwa na mwenzake. Dawa ni grisi, utepe wa mpira, na mtu wa kupanda kila mara. Hiyo ya tatu ndiyo ghali, kwa hiyo ndiyo mabwana wakubwa huifuta kwanza wanapobana matumizi.

Nilizaliwa Kismayo mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa Somalia, katika jamaa ya Kibajuni yenye asili ya Chula. Wapo watu Nairobi na Dar es Salaam wanaoshangaa kusikia kwamba kuna Waswahili huko. Basi na washike ramani. Kutoka Kismayo kushuka kusini hadi Ras Kamboni, mpakani na Kenya, kuna mlolongo wa visiwa: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo vidogo. Mpaka 1925 pwani hiyo ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Jubaland yote. Kisha wakawakabidhi Waitaliano. Babu yangu alilala raia wa huyu akaamka raia wa yule, na asubuhi ile ile akaenda kuvua.

Huyo babu ndiye mhandisi wa kwanza niliyemwona kazini. Alimfunga chazo ugwe mkiani akamwachia majini. Chazo akijibandika kwenye gamba la kasa, babu anavuta polepole, bila haraka, maana ukivuta kwa pupa unabaki na chazo peke yake. Siku hizi kasa analindwa, na mimi sina ugomvi na hilo. Ninachokikumbuka ni ule ustadi wa kutumia kilichopo. Wazee wake waliunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Wataalamu wametoa sababu nyingi za kushona badala ya kupigilia. Mimi naona moja inatosha: kamba ikikatika, unaisokota mwenyewe pale pale pwani. Huhitaji kumngoja mtu wa ng'ambo.

Ufundi wa simu niliusomea Mogadishu katika miaka ya sabini, baadhi ya vitabu kwa Kitaliano, vingine kwa Kiingereza, na maelezo ya mwalimu kwa Kisomali, lugha iliyokuwa imepewa mwandiko rasmi mwaka 1972 tu. Niliporudi nikawekwa kwenye chumba cha mitambo. Humo alikuwamo bwana mmoja asiyejua kufungua skrubu. Hatukuambiwa ametoka ofisi gani, wala hatukuuliza. Alikaa na kisikilizio chake sikioni, anakunywa chai. Tangu hapo sijapata kuamini kwamba simu ni ya watu wawili. Ni ya watu watatu, na huyo wa tatu ndiye asiyelipa.

Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu, na dola ikaanguka. Kismayo ikawa inabadilisha wenyewe, jeshi la ukoo huu likitoka, la ukoo ule likiingia. Sisi Wabajuni hatukuwa na jeshi. Hilo ndilo jambo moja la kulielewa kabla ya mengine yote ninayoyasema hapa. Kila aliyepita alituibia: mashua, mashine za mashua, nyavu, vitanda. Nyaya za shaba za simu zilichimbwa ardhini zikauzwa kama chuma chakavu. Kazi niliyoisomea miaka mingi iliondoka nchini ikiwa imefungwa mizigo mizigo. Nasi tukapakia majahazi tukashuka Lamu, kisha Mombasa, wengi wetu tukaishia kambi ya Jomvu.

Kambini ndiko nilikojifunza usalama wa mawasiliano, na sikufundishwa na mtu mwenye shahada. Palikuwa na redio za mawimbi mafupi, zile tulizoziita taar. Ukitaka kuijenga unahitaji redio, betri ya gari, na waya wa kiasi cha mita 20 ulionyooshwa baina ya miti miwili, ikiwa unatumia megahezi 7. Mchana wimbi hilo hupanda angani likarudi si mbali sana, mamia ya kilomita, umbali hasa wa Mombasa na Kismayo. Usiku linaruka mbali zaidi, ukajikuta unasikia Waarabu wakijadiliana bei za ng'ombe. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa ya asubuhi. Naita Kismayo, mwenye redio kule anamtuma mtoto mbio hadi nyumbani kwa Bi fulani, bibi anakuja na majirani zake, hapa kambini mwanawe amesimama nyuma yangu na nusu ya kambi iko nyuma yake. Na yeyote mwenye redio, kutoka Mandera hadi Mogadishu, anasikiliza.

Sasa mtu atatumaje habari za pesa kwenye chombo kama hicho? Wenye hawala walituma kila siku. Walikuwa na maneno yao waliyokubaliana ana kwa ana. "Ami, zile mbao zimefika?" "Zimefika, lakini mbili zina fundo." Mwenye kujua alijua ni dola ngapi na nani kapunguziwa. Asiyejua aliona ni mazungumzo ya mbao, akaendelea na yake. Wataalamu wa leo wangezimia. Mimi naona taar ilikuwa na heshima ambayo simu ya mkononi haina: kila mtu alijua kwamba anasikika, kwa hiyo hakuna aliyesema kitakachomuua. Leo kijana anaonyeshwa picha ya kufuli kwenye kioo cha simu, anaambiwa ujumbe wako umefungwa, naye anamwaga moyo wote. Ujumbe kweli umefungwa. Orodha ya uliowapigia, saa ngapi na kutoka mnara upi, haikufungwa. Na katika mji kama Kismayo hakuna anayehangaika kujua ulisema nini. Wanataka kujua ulimpigia nani.

Mwaka 1997 baadhi ya watu wa Jomvu walirudishwa visiwani kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mimi nilichelewa. Nilirudi wakati minara ya simu za mkononi ilipoanza kuota kila mahali. Marekani ilikuwa imeifunga al-Barakaat Novemba 2001, kampuni iliyoshika hawala na simu kwa pamoja, na wafanyabiashara wengine wakaliziba pengo lile kwa haraka iliyonishangaza. Nchi haikuwa na wizara iliyofanya kazi, lakini kupiga simu kulikuwa rahisi kuliko nchi jirani zenye wizara tatu. Nikaajiriwa kupanda minara.

Hapa ndipo kukosa jeshi kulipogeuka kuwa sifa. Fundi wa ukoo mkubwa akipanda mnara, ukoo wa pili unauliza anampimia nani mizinga. Mbajuni akipanda, wanasema huyo ni mvuvi tu. Hakuna aliyeniogopa. Hakuna aliyenilinda pia, na mwenye hesabu nzuri ataona kwamba hayo mawili ni bei ya kitu kimoja. Nikajiwekea taratibu. Sipandi usiku, hata mtambo ukizima na bosi akipiga kelele. Begi langu liko wazi. Namwamkia kila mtu aliye chini ya mnara, hasa kina mama wanaouza maziwa, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa baadaye nilifanya nini. Ukuta wa zege na seng'enge ni mambo mazuri, nimeyajenga mengi. Ila mnara uliodumu kuliko yote niliyoihudumia ulikuwa na uzio wa miiba tu, na jenereta yake ilitoa waya mmoja kwenda kisimani kuvuta maji. Aliyekuja kuuharibu alilazimika kuzungumza kwanza na kijiji kizima.

Al-Shabaab waliishika Kismayo kuanzia Agosti 2008 hadi mwisho wa Septemba 2012, majeshi ya Kenya na wenzao walipoingia kwa bahari na nchi kavu. Oktoba 2010 kundi hilo lilipiga marufuku kutuma pesa kwa simu. Januari 2014, wakati mji haukuwa tena mikononi mwao, walitangaza marufuku ya intaneti ya simu nchini, na baada ya wiki chache huduma hiyo ikazimwa katika sehemu kubwa ya kusini. Upande wa pili wa mpaka, Mandera na Garissa, minara imelipuliwa mara nyingi ili vikosi visipigiwe simu vikiitwa. Kila mwenye bunduki, wa bendera yoyote, anaujua uzito wa mnara: siku anapouhitaji anautetea, siku unapomhitaji adui yake anauangusha. Ndiyo maana sikuwahi kukubali kamera wala kitu chochote cha ziada kifungwe juu ya minara yangu. Mnara uwe na kazi moja, na kazi hiyo iwe inajulikana sokoni.

Tarehe 12 Julai 2019 gari lenye bomu liligongeshwa kwenye lango la hoteli ya Asasey mjini Kismayo, watu 26 wakauawa, akiwamo mwandishi Hodan Nalayeh, aliyekuwa akiionyesha dunia uzuri wa nchi. Wiki iliyofuata nilipigiwa simu na watu wengi wakitaka vifaa: kamera, mashine za kukagua, milango ya chuma. Niliwauzia waliotaka. Sikuwaambia kwamba kila ukuta mpya wa hoteli unausogeza mlipuko kwa jirani asiye na ukuta, kwa kuwa walikuwa wanalijua hilo.

Turudi kwenye mambo ya kila siku, ambayo ndiyo yaliyojaza maisha yangu. Kismayo kikombe cha chai hulipwa kwa simu. Wageni huona ni maendeleo, na ni kweli, lakini chanzo chake ni aibu: Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba karibu asilimia 98 ya noti za shilingi zilizokuwa zikizunguka Somalia ni bandia. Noti halali za mwisho zilichapwa kabla ya dola kuanguka. Nani atahesabu lundo la makaratasi ya uongo wakati simu inatuma senti 20 za dola? Bibi muuza papa asiyejua kusoma anaijua njia kwa vidole: nyota, namba, nyota, namba, reli. Na namba ya siri anamtajia mwenye duka kwa sauti, watu kumi wakisikia. Vijana wa usalama wa mitandao wanamcheka. Mimi nawacheka wao. Mfumo uliotengenezwa kwa maandishi, ukauziwa watu wasiosoma, halafu ukawatwika lawama wao, umetengenezwa vibaya. Sauti ya Kisomali na ya Kibajuni ingeongezwa kwenye menyu hiyo kwa gharama ndogo kuliko mabango ya matangazo.

Mwezi Juni 2017 meli ya makontena iliikata kebo ya baharini karibu na Mogadishu. Intaneti ilipotea kusini na kati mwa Somalia kwa zaidi ya wiki tatu, na waziri akasema nchi ilikuwa ikipoteza dola milioni 10 kwa siku. Lakini pesa za nyota na reli hazipiti kwenye intaneti. Zinapita kwenye njia ya ishara ya simu yenyewe, teknolojia ambayo vijana wangu huiita ya kizee. Nawaombea wazeeke nayo.

Wavuvi nao wana malalamiko yao, na moja nimelieleza hadi nimechoka. Wakiwa mbali baharini wanaona alama ya mtandao imejaa, lakini simu haipiti, na wanadai kampuni inawaibia. Baharini wimbi halina kilima cha kulizuia, linafika mbali. Lakini simu na mnara hupimana kwa muda wa wimbi kwenda na kurudi, na GSM ya kawaida huhesabu hadi kilomita 35 tu. Ukivuka hapo mnara unakusikia lakini haukutambui. Ipo namna ya kuurefusha, kwa kupunguza idadi ya wanaoweza kupiga kwa wakati mmoja, na mimi ningeifunga kwenye kila mnara unaotazama maji. Huko watu ni wachache na hatari ni nyingi.

Binti yangu, naye mhandisi, ananiambia minara imekwisha. Tangu 2025 Starlink, intaneti ya setilaiti ya Wamarekani, ina leseni Somalia, anasema, kwa hiyo Chula iwekewe sahani moja na betri za sola, basi. "Na wakiizima kutoka Marekani?" namuuliza. "Baba, na minara yako ilizimwa kutoka wapi?" Hapo amenipata. Tumeshakubaliana kwamba mtu wa kuitunza awe wa Chula, mwanamke ikiwezekana, maana wanaume wako baharini. Tunabishana bado juu ya malipo ya kila mwezi. Yeye anataka kila nyumba ichange. Mimi nasema alipe mnunuzi wa kamba anayekuja na barafu kutoka Kismayo, kwa kuwa siku wavuvi watakapoijua bei ya mjini, hatapata tena kamba kwa bei anayotaka, na ni afadhali aanze kulipa kabla hajaligundua hilo.