Mwanza Si Mbali

Akina mama wenzetu, kwa miaka mitatu nyumbani kwetu Mbagala tulikuwa na jibu moja kila mama mkwe alipotuita Mwanza: "Mama, huko ni mbali." Nauli ya ndege ilitushinda, na safari ya basi tuliiogopa. Kisha mwaka jana tukapigiwa simu kwamba mama amelazwa. Siku ile ile nauli ya ndege ikapatikana.

Tuliondoka nyumbani saa 12 asubuhi, kwa maana abiria hutakiwa kufika mapema akaguliwe na mizigo yake ipimwe. Saa 3 ndege ikaruka. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa njia ya anga ni kama kilomita 850, na safari huchukua kiasi cha saa moja na nusu. Mtoto tulimpakata. Aliye chini ya miaka miwili hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli.

Ndege ilipoanza kushuka, mtoto akalia kwa maumivu ya masikio. Mama aliyekaa jirani akasema, "Mnyonyeshe, dada." Aliponyonya akatulia, maana kumeza huzibua masikio. Dirishani tukaliona Ziwa Victoria na majabali yake.

Tukachukua mizigo, tukapanda gari, tukavuka mji. Saa 6 mchana tulikuwa kando ya kitanda cha mama. Basi, kutoka mlangoni petu hadi kwake ni saa 6 tu.

Mama alimshika mjukuu ambaye alikuwa hajamwona hata siku moja. Akauliza taratibu, "Mmetoka Dar leo asubuhi? Kumbe ni karibu hivi, wanangu?"

Hatukuwa na jibu. Baba Neema alitoka nje.

Mungu alimjalia mama nafuu. Kurudi tulipanda basi, kwani fedha zilikwisha. Kwa barabara, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, ni zaidi ya kilomita 1,100. Tuliondoka alfajiri, tukaingia Dar usiku wa manane, miguu imevimba na mtoto amechoka. Hata hivyo ilikuwa siku moja. Siku moja ndiyo iliyotushinda kwa miaka mitatu!

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Wazee wetu walipanda garimoshi, wakalala njiani, na bado walikwenda kuwasalimia wazazi wao.

Tumejifunza jambo. Nauli ya ugonjwa na ya msiba haikosekani; tutakopa, tutachangiwa. Nauli ya kusalimia ndiyo hukosekana kila mwaka. Sasa tumenunua kibubu, na kila Jumamosi tunatia chochote kilichobaki sokoni. Hakitoshi ndege, lakini basi kitatosha. Desemba, Mungu akipenda, tutakwenda tena, na safari hii hakuna aliyetuita.